Mwimbaji Bubu wa Pepopunda

Wiki iliyopita mliniacha kwenye kiti cha daktari wa koo, ulimi wangu umeshikwa kwa kipande cha shashi na kuvutwa nje kama wa ng'ombe buchani. Nawashukuru mlioulizia hali yake. Ulimi ulirudi mahali pake. Sauti ndiyo haikurudi.

Kwa anayeingia leo: naitwa Adelino Bettencourt, Lino kwa wanaonifahamu. Mwaka huo wa 1987 nilikuwa na miaka ishirini na sita, naimba katika bendi ya Pepopunda ya San Leandro, California. Tulipiga ule muziki wa metali unaoitwa wa kuchapa, na aliyeupa jina hakukosea. Jina la bendi tulilipata kutokana na msumari wenye kutu aliokanyaga mpiga gitaa wetu, Vance Pruitt, siku ya kwanza ya mazoezi. Sisi tulidhani linatisha. Mama yangu alidhani tumefungua zahanati.

Mmeshasoma jinsi gari letu lilivyoungua El Paso. Mmesoma nilivyojirusha kwa mashabiki kule Tulsa, na mashabiki wakasogea. Mmesoma sauti ilivyonikatika Sacramento katikati ya wimbo wa tatu, nikaendelea kupanua mdomo bila kutoa kitu kwa dakika arobaini, na gazeti moja likaandika kwamba sasa nimekomaa.

Basi, nipo kwenye kiti.

"Una sugu," akasema daktari, mama mmoja wa makamo aitwaye Lindqvist.

"Miguuni?" nikakwaruza.

"Kwenye nyuzi za sauti. Mbili. Unafanya kazi gani?"

"Mwimbaji."

Vance, aliyekuja kunisindikiza, akatoa kaseti mfukoni kwa fahari. Daktari akaitia kwenye kile kinasa sauti chake cha kazini. Akasikiliza kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, kisha akazima.

"Hapa anauawa nani?"

"Huo ni ubeti wa kwanza," Vance akasema.

Daktari akanigeukia. "Wiki sita. Hakuna kuongea, hakuna kunong'ona, hata kuguna hakuna. Ukikaidi nakupasua, na nikikupasua siahidi utaamka na sauti ya nani."

"Lakini baada ya wiki nne tunakwenda Ula—"

Akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Kilinuka spiriti. Kimya changu kilianzia hapo.

Ulaya, jamani. Miji kumi na tisa, kutoka Rotterdam hadi Milano. Miaka minne tulikuwa tumeitafuta safari hiyo. Tulianza na kaseti tulizorekodi gerejini kwa mama, tukawatumia kwa posta watu tusiowajua. Ikaja santuri ya kwanza, tuliyoirekodi kwa siku tisa. Sasa ya pili ilikuwa tayari, inasubiri jalada tu. Na koo lililoangusha safari nzima lilikuwa langu.

Nyumbani Vance alimpa mama habari, akiwa ameshika kofia kama mtu aliyeleta msiba.

"Wiki sita?" Mama akapiga ishara ya msalaba. "Na mimi nilikuwa nimeomba moja tu."

Walininunulia kibao cha watoto wa shule na chaki, nikakitundika shingoni kwa kamba. Mwandiko wangu haujawahi kusomeka. Siku ya pili niliandika kwamba nina kiu, mama akaniletea padri.

Lakini kuna jambo nililigundua ambalo hakuna daktari aliyenitahadharisha. Mtu akiacha kusema, watu wanadhani ameacha na kusikia. Siku ya nne nilikaa gerejini juu ya friza ya mama, na wenzangu wakaanza kunijadili kama nimesafiri. Alikuwapo Vance. Alikuwapo Benjie Altamirano, mpiga ngoma wetu, Mfilipino wa mtaa wa pili, mtaratibu wa maneno lakini mikono yake ni kama ya mtu wa bandarini. Mpiga besi, Lyle, alikuwapo pia, ila huyo hasemi hata akiwa mzima, kwa hiyo simhesabu.

"Kwani Lino anaimba?" Vance alikuwa anasema. "Lino anabweka. Tukipata yeyote mwenye mapafu, tumemaliza."

"Vance. Yupo hapo."

"Nani?"

"Lino. Amekaa juu ya friza."

Vance akanitazama. "Hasemi kitu."

"Basi sawa," Benjie akasema. "Mimi nilichokuwa nataka kusema ni kwamba sijawahi kuelewa hata neno moja analoimba. Miaka minne. Wewe je?"

"Mimi nasikia 'mashine' tu."

"Mimi hata hiyo mashine nilidhani ni 'mashoga'."

Niliandika kwenye kibao tusi fupi. Wakasema hawalisomi.

Sasa niseme jambo ambalo nimelikwepa tangu nianze kuwasimulia. Nimewaambia habari za moto, za kuanguka, za kulala mahabusu Amarillo, kwa sababu hizo ni aibu zinazochekesha. Hii haichekeshi sana.

Bendi ilipoanza, kila mmoja alikuwa na chake. Vance na gitaa, Benjie na ngoma. Mimi nilipewa kazi ya kuimba kwa sababu gereji ilikuwa ya mama yangu, na kazi ya kutunga maneno kwa sababu nilijisifu kwamba naweza. Siwezi. Nilikaa mwezi mzima nikapata mstari mmoja, na ulikuwa unahusu fuvu.

Siku moja nikitafuta soksi kwenye tenga la nguo safi, nikakuta daftari la dada yangu, Albertina. Lilikuwa na mashairi. Mengi yalikuwa ya mwaka 1981, mwaka baba yetu alipokufa kwa mapafu. Albertina alikaa naye hospitalini miezi mitatu. Mimi nilikwenda kumwona mara nne.

Nikanakili daftari zima. Nikalirudisha chini ya mashuka.

Kwenye jalada la santuri yetu ya kwanza pameandikwa: "Maneno yote: A. Bettencourt." Nilipenda sana hiyo herufi. Adelino ni A. Albertina ni A. Nilijiambia sijadanganya mtu, nimefupisha tu.

Na ili dada yangu asiyatambue maneno yake yakipanda juu kupitia sakafu ya jikoni, nikabuni njia. Niliyatafuna. Niliimba kama mtu mwenye kiazi moto mdomoni anayekimbizwa na mbwa. Majarida yakasifu: mtindo mpya, hasira isiyo na lugha. Waimbaji wengine wa Oakland wakaanza kuniiga. Kampuni ya kurekodi ilipotaka maneno yachapwe ndani ya jalada nikakataa, nikasema siri inaongeza ukali. Hizo sugu kooni hazikuletwa na metali, wasomaji wangu. Zililetwa na kumficha dada yangu asisikie.

Nirudi kwenye mkasa.

Vance alitangaza kutafuta mwimbaji wa muda. Wa kwanza alitoka Fresno na nyoka hai shingoni, na nyoka akaingia ndani ya ngoma kubwa ya Benjie, ikabidi ifunguliwe kwa bisibisi. Wa pili aliimba vizuri, akauliza kama Rotterdam ni mbali, maana haruhusiwi na mahakama kutoka nje ya wilaya. Wa tatu alikuwa moto wa kuotea mbali. Vance alikuwa ameshampa mkono, ndipo mama akateremka kuchukua soseji kwenye friza, akamkazia macho yule bwana.

"Wewe si ndiye uliyetoka na sanduku la sadaka Pasaka ya mwaka juzi?"

Yule bwana akaondoka bila koti lake.

Alasiri hiyo wakaamua kupiga bila mwimbaji, kwa hasira, sauti ya spika imefunguliwa hadi mwisho. Wakafika katikati ya wimbo wa pili, mlango wa ngazi ukafunguka kwa kishindo.

Albertina alikuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya zege. Alikaa chumba cha redio akielekeza malori, yuko kazini tangu alfajiri hadi mchana, na alasiri ndio muda wake wa kulala. Alisimama ngazini na gauni la kulalia, nywele zimesimama upande mmoja.

"ZIMENI HILO DUDE!"

Kila mtu akaacha kupiga. Ile ngoma ndogo ya Benjie ikaendelea kulia kidogo, peke yake.

"Imelia yenyewe," Benjie akasema.

Vance alikuwa ameduwaa. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulichosema. Hivyo hivyo."

"Nimesema zimeni! Kutwa nzima naongea na madereva kumi na wanne ambao hawasikii, narudi nyumbani nakuta wengine wanne!"

"Albertina," Vance akasema, na sijawahi kumsikia akitamka jina la mtu kwa adabu vile, "unaimba?"

"Naimba kwaya. Wewe ungejua kama ungekuwa unakuja kanisani."

"Imba wimbo mmoja tu. Mmoja, halafu tunazima mpaka kesho. Naapa."

Kulala mpaka kesho ni kishawishi kikubwa kwa mtu wa zege. Nikaona anasita. Sikuhofu, kwa sababu maneno hakuna aliyeyajua ila mimi.

Hapo Vance akaenda kwenye begi lake, akatoa karatasi zilizopigwa taipu.

Kumbe safari hii kampuni ilikuwa imekataa habari ya siri. Walitaka maneno kwenye jalada, na Vance alikuwa ameingia chumbani kwangu akachukua nakala zangu, akazipeleka kupigwa taipu. Hakuniambia. Angeniambia ili nimjibu nini?

Nikaruka kutoka kwenye friza. Nikapunga mikono. Nikajishika koo. Nikaelekeza kidole kwenye karatasi, kisha mlangoni, kisha mbinguni. Nikaandika HAPANA kwenye kibao kwa haraka hadi chaki ikakatika.

"Ana wivu," Vance akasema. "Mshike."

Benjie akanikumbatia kwa nyuma, miguu yangu ikaning'inia. Dada yangu akapokea karatasi ya juu.

Akasoma. Uso wake haukubadilika. Akarudia kusoma kuanzia juu, polepole, kama mtu anayehakikisha anwani. Kisha akaniangalia mimi niliyekuwa naning'inia.

"Nani ameandika?" akauliza.

"Lino," Vance akasema. "Yote yeye. Ana kipaji, ila hatamki vizuri."

"Pigeni," Albertina akasema.

Wakapiga. Na dada yangu, na gauni lake la kulalia, akaimba:

*Mashine inapumua, wewe unaangalia,*
*ukuta ni mweupe, hauna pa kushikia.*
*Niambie jina langu kabla hawajazima,*
*niambie mara moja, hata kama si lote zima.*

Hakutafuna hata herufi. Aliimba kwa sauti ileile ya kupeleka lori la tani ishirini kwenye barabara sahihi, na kila neno likafika. Ule wimbo tulikuwa tumeupiga katika miji thelathini. Mashabiki waliamini unahusu vita vya nyuklia, kwa sababu ya ile "mashine". Watu walikuwa wanavunjana pua wakiusikiliza.

Wimbo ulipokwisha, mama alikuwa amesimama ngazini na mwiko mkononi.

"Nani anamwimba baba yenu?"

"Ni wimbo wa bomu, Mama Idalina," Vance akasema taratibu.

"Bomu gani, wewe? Hicho ni chumba namba mia mbili na sita cha hospitali."

Mama akakaa kwenye ngazi. Benjie akaniweka chini, polepole, kama chombo cha udongo. Na Vance Pruitt, mtu aliyeniita mbwa siku chache nyuma, akanijia machozi yanamlengalenga, akanikumbatia.

"Kaka," akasema sikioni mwangu. "Miaka minne unambeba mzee wako peke yako. Mbona hukusema?"

Nami nikakumbatiwa. Ningeweza kumsukuma. Ningeweza kutikisa kichwa. Nilisimama pale nikampigapiga mgongoni, na juu ya bega lake nikamwona dada yangu ananitazama.

Alinisubiri jikoni, akimenya viazi vya supu ya sukuma.

Nikaandika kibaoni: NISAMEHE.

"Futa."

Nikafuta.

"Ulikuja mara nne, Lino. Mara ya mwisho ulikaa dakika kumi, ukasema kuna mazoezi. Halafu umezunguka nchi nzima unakibwekea chumba hicho."

Nikaandika tena. Hakuangalia.

"Mimi nilidhani humkumbuki kabisa. Bora ungekuwa humkumbuki." Akatupa kiazi ndani ya maji. "Sikiliza. Nitaimba. Nitakwenda huko Ulaya. Ni maneno yangu, na nimechoka kuyasikia yanatafunwa chini ya miguu ya mama. Lakini uliiba kwa kuandika, hutarudisha kwa kuandika. Siku utakayoweza kufungua mdomo, utawaambia wenzako kwa mdomo. Usipowaambia, nitawaambia mimi. Na mimi husikika."

Nikaitikia kwa kichwa. Wiki sita zilionekana nyingi.

Mazoezi yakaendelea kila siku, na kila siku bendi ikazidi kuwa bora kuliko ilivyokuwa na mimi. Albertina aliomba likizo kazini. Alimwambia Vance apunguze mbwembwe, na Vance akapunguza. Alimwambia Lyle asogee mbele, na Lyle akasogea hatua mbili, jambo ambalo hatukujua linawezekana. Mimi nilipewa kazi ya kukunja nyaya. Nilizikunja vibaya.

Wimbo mmoja tu aliukataa, "Kifo Mlangoni", ule wa kasi kuliko zote. "Huo siuimbi," alisema mara alipoona jina, akaikunja karatasi akaitia mfukoni kabla mtu mwingine hajaisoma. Vance alilia, akabembeleza, akasema huo ndio tunaofungia onyesho. Albertina akasema wafungie kwa mwingine. Mimi nilifikiri huo unamuuma zaidi, sikutaka kuuliza. Wala sikuwa na sauti ya kuulizia.

Siku ya ishirini na nne ya ububu wangu, Jumamosi saa tano asubuhi, mkubwa wa kampuni ya kurekodi akaja kutoka New York kumsikia mwimbaji mpya. Aliitwa Morty Gelber, mtu mfupi mwenye miwani nyeusi na haraka nyingi. Mama alimpa kiti cha plastiki na kipande cha mkate mtamu.

"Vance, kwenye simu ulisema mwimbaji," akasema. "Hukusema mwanamke."

"Wewe sikiliza, Morty."

"Sisemi kitu. Nasema tu hukusema."

Wakapiga nyimbo tatu. Baada ya ya kwanza Gelber aliacha kutafuna. Baada ya ya pili akavua miwani. Baada ya "Mashine" akaomba kipande kingine cha mkate.

"Mnaondoka Jumamosi ijayo," akasema. "Nyote. Huyu dada akikataa, namteka."

Vance akampiga Benjie begani, Benjie akampiga Lyle. Mama akapiga makofi. Nami nikafurahi, kweli tena, nikajiona mtu mwema kwa kufurahi.

"Jambo la pili," Gelber akaendelea. "Vance amenisimulia habari ya mzee wenu. Nimeipeleka kwa jarida moja la muziki la London, wanataka kurasa nne. Mpigapicha anakuja kesho. Lino, wewe utapiga magoti kwenye kaburi la baba yako. Kibao chako shingoni. Mtu aliyempoteza baba, akaandika hayo yote, kisha akapoteza na sauti. Dunia italia! Tunataka na mvua. Isiponyesha tutaileta."

Nikamtazama mama. Alikuwa ananitabasamia kwa namna ambayo sijawahi kutabasamiwa tangu nivunje dirisha la sakristia. Alidhani mwanawe, yule wa ziara nne, alikuwa anamlilia mumewe kwa siri miaka yote hiyo.

Albertina alikuwa anakunja upya waya nilioukunja vibaya.

Bado wiki mbili na siku nne. Ningeweza kuitikia kwa kichwa, nipige magoti, nipigwe picha, halafu nikipona niseme. Nikaipima hiyo njia. Nitawadanganya nikisema sikuipima. Niliipima hadi nikaona kabisa nitakavyovaa.

Kisha nikavua kibao, nikakiweka juu ya friza.

"Lino, hapana," Benjie akasema. "Daktari!"

"Si mimi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, laini, safi. Sikuijua.

"Maneno ni ya Albertina. Niliiba daftari lake. Mimi sikuandika hata moja."

Nikahisi kitu kinaachia kooni, kama uzi wa gitaa unavyoachia. Nikajaribu kuongeza "mama", na hapakutoka hata hewa.

Vance akanigeukia. Kati ya yote aliyoweza kusema, alichagua haya:

"Nilikukumbatia."

Tabasamu la mama lilikaa usoni mwake kidogo, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba sherehe imeahirishwa, halafu likaondoka. Akachukua sahani ya mkate mbele yangu, akaisogeza mbele ya Lyle.

Gelber ndiye aliyepona haraka. Akatoa mkobani jalada la majaribio la santuri mpya, akalisogeza karibu na macho.

"A. Bettencourt," akasoma. "Na wewe dada ni A nani?"

"Albertina."

"Basi tatizo liko wapi? Hatubadilishi hata herufi! Wewe ndiye utakayepiga magoti kaburini. Picha itakuwa nzuri zaidi."

"Sipigi magoti popote," Albertina akasema. "Na jalada lako bado lina uongo. Limeandika maneno yote. Si yote yangu."

Nikamwangalia. Yalikuwa yametoka kwenye daftari lake, yote, kwa mwandiko wake. Hilo peke yake ndilo nililokuwa na uhakika nalo duniani.

Akatoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua. "Kifo Mlangoni". Wimbo wetu wa kasi, dakika mbili na sekunde kumi, uliowahi kumvunja mtu mkono Cleveland. Akausoma bila muziki, kama mtu anayesoma barua:

*Nimesimama mlangoni, kengele sijaigusa,*
*vidole vimekufa ganzi, mvua imenitosa.*
*Nikiondoka nitakufa, nikibisha nitakufa pia,*
*basi nife nimebisha, ujue nilikufikia.*

"Haya niliyakuta kwenye kikapu cha baiskeli yangu," akasema. "Mwaka themanini na mbili, baada ya matanga ya baba. Hayakuwa na jina. Karatasi ilikuwa imelowa, ndiyo maana niliyanakili daftarini, yasipotee. Nilimngoja mwenyewe aje. Hakuja." Akanigeukia. "Kitu pekee nilichowahi kuandikiwa na mtu, Lino. Na wewe ukakitumia kuvunjia watu mikono."

Nyuma yetu kitu kikaanguka sakafuni, kikaviringika. Kilikuwa kijiti cha ngoma.

"Februari," Benjie Altamirano akasema. "Ilikuwa Jumatano."

Albertina akaishusha ile karatasi.

"Nilifika hadi mlangoni. Nikasikia mama yako analia ndani, nikaona aibu." Alikuwa hamtazami mtu, anaitazama ngoma yake ndogo. "Miaka miwili naupigia ngoma. Kila onyesho. Miaka miwili, na sijawahi kusikia neno hata moja."

Uso wa dada yangu ulibadilika, kwa mara ya kwanza tangu mkasa huu uanze, lakini sikupata nafasi ya kuutazama vizuri. Benjie alikuwa ameinuka. Akasukuma kiti chake kwa mguu, akaizunguka ngoma kubwa, kijiti kimoja bado mkononi, akaja kwa hatua ndefu akitupita Vance na Gelber kama hawapo.

Sikujua anakuja kwangu au anakwenda kwa dada yangu. Tulikuwa tumesimama upande mmoja, bega kwa bega, nami sikuwa hata na sauti ya kuuliza.